Kikombe na Aliyekishika: Historia ya Pombe na Tumbaku Kwenye Kingo za Basoko

Mji wa Basoko umekaa pale mto Aruwimi unapojitoa kwa mto Kongo. Vitabu vya historia huutaja kwa siku moja hasa, tarehe 1 Februari 1877, wenyeji walipotoka na mitumbwi yao mikubwa ya vita kumzuia Stanley asipite. Kisha huutaja tena mwishoni mwa miaka ya 1880, pale Dola Huru la Kongo lilipojenga kambi ya ngome hapo ili kuwakabili wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka upande wa Maporomoko ya Stanley. Ngoma, mitumbwi, bunduki: hayo tumeyasoma shuleni. Sisi leo tunataka kuifuata historia nyingine iliyopita katika maji hayo hayo bila kishindo, yaani historia ya kikombe na kiko. Nani aliruhusiwa kunywa na kuvuta, nani alikatazwa, na nani alisimama mlangoni kuhesabu umri wa anayeingia?

Tunauliza hivyo kwa sababu ya jambo linalowaumiza wazazi wengi, kutoka Basoko hadi mitaa ya Mangobo na Kabondo mjini Kisangani. Mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu anarudi nyumbani jioni na harufu ya sigara, au ya kitu kikali zaidi. Mzazi anapiga, au analia, au ananyamaza. Historia haitampa dawa, lakini yaweza kumwonyesha ni mlango upi ulioachwa wazi, na tangu lini.

Tuanze na mchikichi. Maji yake yakigemwa alfajiri ni matamu, karibu kama maji ya muwa. Jua likipanda, chachu iliyomo hewani na chomboni huanza kazi yake. Kufika jioni utamu umekwisha, na kilichobaki ni pombe yenye nguvu inayokaribia ile ya bia. Kwa hiyo mti mmoja ulitoa vinywaji viwili kwa siku moja, na saa ndiyo iliyovitenganisha. Pombe hiyo, ambayo jirani zetu wanaosema Kilingala huiita masanga ya mbila, haikuwa bidhaa ya kununuliwa na yeyote mwenye sarafu. Ilikuwa sehemu ya mahari, ya upatanisho, ya kumzika mtu na ya kumpokea mgeni. Iligemwa kidogo, iliharibika upesi, na haikuweza kuwekwa akiba. Aliyeimimina alikuwa mtu mzima mwenye jina, mbele ya watu wanaomjua.

Tusiupambe mno wakati huo. Walikuwako wazee walevi, na yalikuwako makosa mengi yaliyofanywa mbele ya chungu kilichojaa. Tunachosema ni kidogo zaidi: kwamba mtoto hakuwa na njia ya kukifikia kikombe bila kupita kwenye mkono wa mtu aliyemfahamu. Tumbaku nayo, ingawa ni mmea wa Amerika ulioletwa Afrika na Wareno tangu karne ya 16, ilikwisha kuzoeleka mashambani kabla Wazungu hawajafika huku ndani katika karne ya 19. Ilivutwa kwa kiko, na kiko kilikuwa na mwenyewe.

Ndipo ikaja sheria ya kwanza kutoka mbali. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa katika Afrika, na msukumo huo ulichangia kuitishwa kwa Mkutano wa Brussels, ulioanza Novemba 1889 na kumalizika kwa mkataba wa tarehe 2 Julai 1890. Watu wengi wanaukumbuka mkataba ule kwa habari ya utumwa na silaha. Wachache wanakumbuka kwamba ulikuwa pia na sehemu nzima juu ya vileo vikali. Mataifa yaliyotia sahihi yalichora ukanda mpana wa Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini, yakakubaliana kwamba ndani yake, mahali ambapo vileo vya kukenekwa vilikuwa havijaenea, visiingizwe wala visitengenezwe. Basoko, iliyo karibu kabisa na ikweta, ilikuwa katikati ya ukanda huo. Mwaka 1919, kwa mkataba wa Saint-Germain-en-Laye, marufuku hiyo ilirudiwa na kukazwa.

Ilikuwa sheria njema? Kwa sehemu, ndiyo. Mahali pengine katika pwani ya magharibi ya Afrika, jini na ramu za bei nafuu zilikuwa zimetumika kama fedha ya kununulia watu na mali, na bara letu la ndani liliokolewa na mafuriko hayo. Lakini tazameni jinsi mpaka ulivyochorwa. Kilichokatazwa kwa Mwafrika kilikunywewa na Mzungu kwenye baraza yake, mbele ya macho ya mtumishi aliyekibeba kwenye sinia. Mpaka haukuwa wa umri, ulikuwa wa rangi. Mzee wa miaka sitini na mtoto wa miaka kumi waliwekwa pamoja upande mmoja, wote wawili wakihesabiwa kuwa watoto. Na kitu ambacho mtu mzima hunyimwa kwa kudharauliwa, siku atakapokipata atakitumia kuonyesha kwamba sasa amekuwa mtu. Vizuizi hivyo vilipolegezwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, chupa ilikuwa tayari imevaa heshima isiyokuwa yake. Hata leo kijana anayetaka kuonekana mkubwa huanza na chupa. Tunaamini sehemu ya desturi hiyo ilizaliwa kwenye zile baraza.

Mlango wa pili ulifunguliwa na mshahara. Tarehe 14 Aprili 1911 serikali ya Ubelgiji ilifanya mapatano na William Lever, mwenye viwanda vya sabuni vya Uingereza, na ndiko kulikozaliwa kampuni ya Huileries du Congo Belge. Mojawapo ya maeneo yake makubwa liliitwa Elisabetha, nalo ndilo Lokutu ya leo, katika eneo la Basoko lenyewe. Mchikichi ule ule wa mahari ukawa mti wa kampuni. Maelfu ya watu waliacha vijiji vyao wakaishi kambini, wakalipwa kwa fedha, mbali na wajomba na mababu waliokuwa wakijua nani amefikia umri gani. Fedha haina kumbukumbu ya umri. Anayeishika ndiye anayenunua.

Na bidhaa ya kununua ikaja. Kiwanda cha bia cha Léopoldville kilianzishwa mwaka 1923, na chupa za kwanza za Primus zikatoka mwishoni mwa mwaka 1926. Kufikia miaka ya 1950 bia ilikuwa imekuwa kinywaji cha mji katika Kongo nzima, Stanleyville ikiwemo. Hapa tukumbushe jambo ambalo vijana wengi hawalijui: Patrice Lumumba, aliyefanya kazi ya posta mjini Stanleyville kwa miaka mingi, alipohamia Léopoldville mwaka 1957 aliajiriwa na kampuni ya bia ya Bracongo kuitangaza bia ya Polar. Alikwenda baa kwa baa, na huko alikutana na watu ambao baadaye wangemsikiliza akiwa kiongozi wa MNC. Siasa ya uhuru wetu ilipita kwenye meza zile, hatuna haja ya kuona haya. Lakini ndivyo baa ilivyokuwa mahali pa habari na pa urafiki, na kijana aliyetaka kujua dunia inakwendaje alijua pa kwenda.

Neno lenyewe linasema mengi. Kwa watu wa mtoni, nganda ilikuwa kambi ya uvuvi, mahali ambapo mwana alikwenda na baba yake akajifunza wavu, upepo na samaki. Mjini neno hilo hilo likawa jina la baa. Baba bado anakwenda nganda. Mwana anabaki nyumbani, au anakwenda nganda yake.

Sasa tufike kwenye lotoko, kwa kuwa ndiyo inayogusa familia zetu kwa karibu kuliko bia. Mahindi na muhogo huchachushwa kwa siku kadhaa, kisha hupikwa ndani ya pipa lililozibwa. Mvuke hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji na kudondoka ukiwa kileo kikali kuliko bia mara nyingi. Mpishi asiye mwangalifu akiyaacha matone ya kwanza yachanganyike na mengine, au mchuuzi mwenye tamaa akiongeza kemikali, kileo kinaweza kubeba methanoli, sumu inayoharibu mshipa wa macho na kuua. Chini ya sheria za ukoloni upishi huo ulikuwa kosa, kwa hiyo lotoko ilizaliwa mafichoni. Kitu cha mafichoni hakina mzee wa kukimimina wala saa yake. Hakiharibiki jioni kama pombe ya mchikichi. Hukaa ndani ya bidoni ya manjano wiki nzima, husafiri kwenye mtumbwi au balenieri hadi Kisangani, na hupimwa kwa kikombe kidogo ambacho hata mtoto anaweza kukilipia.

Na nani anayeipika? Hapa ndipo mahubiri mengi hukosa shabaha. Mara nyingi ni mama. Ni mama huyo huyo tunayekaa naye katika jumuiya, anayeimba kwaya, anayefagia kanisa Jumamosi. Uchumi wa Zaire ulipoanguka tangu katikati ya miaka ya 1970, na mishahara ikawa jina tu, akina mama ndio waliobeba nyumba kwa biashara ndogo ndogo, na lotoko ilikuwa mojawapo. Watoto wengi wa eneo letu, wakiwemo wasomi wanaoiheshimisha parokia, walilipiwa karo na lile pipa. Lakini moto wa pipa huchochewa na mtoto, maji ya kupozea huchotwa na mtoto, na mteja akigonga mlango usiku anayeamshwa kumpimia ni mtoto. Anaonja. Angewezaje kutoonja? Kilichomlipia shule ndicho kinachomwondolea akili ya kusoma. Hakuna sheria ya Brussels wala ya Kinshasa iliyowahi kufungua fundo hili, kwa maana sheria zote zilimtazama mnywaji au mwuzaji, na hazikuiona nyumba.

Vita tutavipitia kwa haraka, si kwa sababu ni vidogo, bali kwa sababu mmevisikia. Mwaka 1964 uasi wa Simba uliiteka Stanleyville mwanzoni mwa Agosti, na miongoni mwa wapiganaji walikuwamo wavulana wadogo waliopewa dawa ya kinga na walioonekana wakivuta bangi. Mwaka 1997 kadogo waliingia Kisangani. Aliyempa mtoto bunduki mara nyingi alimpa pia kitu cha kumwondolea woga. Waliorudi nyumbani walirudi wakubwa kuliko umri wao, na wadogo zao waliwatazama.

Kanisa lilikuwa wapi katika hayo yote? Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Moyo Mtakatifu, alifika kwenye Maporomoko mwaka 1897 na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, na kutoka huko imani ilishuka na kupanda mito. Jirani zetu wa madhehebu mengine walichagua ukuta mrefu: Kanisa la Kimbangu, kwa mfano, huwakataza waumini wake pombe na tumbaku kabisa. Sisi hatukujenga ukuta huo, wala hatuwezi kuujenga hadi mwisho, kwa sababu divai iko altareni na Bwana alikwenda arusini Kana. Kwa Mkatoliki mpaka ni kiasi na ni umri. Huo ni mpaka mgumu kuliko marufuku, kwa kuwa marufuku inaweza kuandikwa mlangoni ikajilinda, lakini kiasi huhitaji mtu wa kukionyesha kila siku.

Ireland iliwahi kujaribu kuwaandaa watu wa namna hiyo. Mwaka 1898 Padri James Cullen, Mjesuiti, alianzisha mjini Dublin chama cha Pioneer, ambacho wanachama wake hujinyima kileo kwa hiari na kwa sala kwa ajili ya walioshindwa. Kimefika hata Kenya na Uganda. Katika mji huo huo aliishi Matt Talbot, mfanyakazi maskini aliyezaliwa mwaka 1856. Alianza kazi akiwa na miaka kama kumi na miwili kwa mwuza vileo, na akaanza kunywa hapo hapo. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba baba yake, naye mnywaji, alimpiga na kumhamishia kazi nyingine bandarini. Kijana akahama kutoka bia kwenda wiski. Aliacha mwaka 1884 akiwa na miaka ishirini na minane, akafa mwaka 1925, na Kanisa lilimtangaza Mtumishi Mheshimiwa wa Mungu mwaka 1975. Tunamkumbuka kwa utakatifu wake, na ni haki. Lakini wazazi wasisahau ile sehemu ya mwanzo, fimbo iliyotoka katika mkono ulioshika glasi.

Sayansi inakubaliana na mwanzo huo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997, kutokana na mahojiano na watu zaidi ya 27,000, ulikuta kwamba kati ya walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, watu kama 40 katika kila 100 walikuja kuwa watumwa wa kileo wakati fulani maishani. Kati ya walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi walikuwa kama 10 katika 100. Bila shaka wengine kati ya wale walioanza mapema walitoka kwenye nyumba zilizokuwa tayari na shida, na hilo nalo ni funzo. Ubongo wa kijana huendelea kujengwa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na nikotini ya tumbaku hukamata upesi zaidi ubongo ambao bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba tumbaku huua hadi nusu ya wanaoitumia bila kuacha.

Na je, familia zinaweza kweli kubadili jambo hili? Iceland, nchi ndogo ya baridi, ilipima mwaka 1998 ikakuta kwamba asilimia 42 ya vijana wake wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5. Waliovuta sigara kila siku walishuka kutoka asilimia 23 hadi 3. Waliwaita wazazi wa shule moja wakakubaliana kwa maandishi: hakuna atakayempa mtoto wa mwenzake kileo, watoto watakuwa nyumbani kwa saa fulani, wazazi watatembea mitaani kwa zamu usiku wa Ijumaa. Serikali nayo iligharimia michezo na muziki. Sisi hatuna fedha za Iceland. Lakini makubaliano ya wazazi hayagharimu chochote, na jua letu huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo saa ya kurudi nyumbani haina haja ya kamati kuijadili.

Tena chombo tunacho. Mwaka 1961, kabla nchi nyingi za Afrika hazijaliwaza, maaskofu wa Kongo waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai za Kikristo, nyumba chache zinazojuana. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipovipiga marufuku vyama vya vijana vya kidini ili wote waingie katika JMPR, jumuiya hizo zilibaki. Zinaweza kufanya kazi ambayo polisi hawawezi. Nchi yetu iliridhia mwaka 2005 mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku, ambao hutaka watoto wasiuziwe sigara na huzihimiza serikali kuzuia uuzaji wa sigara moja moja. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 hutamka kwamba mtu yeyote chini ya miaka 18 ni mtoto. Hata hivyo, sigara moja bado inauzwa kwenye kimeza cha njiani, na anayetumwa kuinunua ni mtoto wa nyumba. Baba humpa noti na kumwambia aiwashe kabisa kwenye jiko aje nayo. Hapo ndipo jumuiya inaweza kuanza, kwa jambo dogo hilo: tusiwatume.

Yafuate matanga, ambapo usiku ni mrefu na hakuna anayehesabu vikombe. Yafuate pia karamu zetu wenyewe. Tumeona kreti za bia zikishushwa kwa ajili ya sherehe ya Komunyo ya Kwanza, na mtoto aliyevaa nyeupe akionjeshwa povu ili watu wacheke. Wanaocheka ni watu wema. Wanakikumbuka kikombe cha babu, ila wamesahau kwamba babu alikuwa na saa yake.

Linabaki pipa la mama. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na hilo limezima mioto kadhaa ya lotoko. Lakini mtoto akimaliza darasa la sita, mara nyingi akiwa na miaka kumi na miwili, anaingia darasa la saba, na karo inaanza. Yaani fedha zinahitajika tena katika umri ule ule ambao kikombe cha kwanza hunywewa. Akina mama wa parokia zetu wana likelemba zao, na wanajua kuzipanga kuliko mhasibu yeyote. Tunawaomba vijana wa vikundi wazungumze nao kabla ya likizo ndefu kwisha: zamu ya Septemba apewe kwanza yule ambaye mwanawe anaingia darasa la saba na ambaye pipa lake bado liko motoni.